Wapishi wa Ngamiani waliotupikia arobaini ya bibi, Ramadhani na Kwaresima kwa mpigo

Niliwaahidi hawa wamama kwamba nitaandika habari zao, nimechelewa sana lakini leo naandika, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza wasapu "wale waliopika kwenu Muheza ni kina nani" na nimechoka kurudia hadithi nzima. Niseme mapema, mwenyewe kaniomba nisiweke jina lake wala namba hadharani kwasababu wako wanne tu na hawawezi kubeba oda nyingi, kwahiyo hapa nitamwita Mama tu. Wanapatikana Tanga mjini, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, ukifika ulizia wapishi wa shughuli wenye sufuria zao wenyewe, watu watakuonyesha. Hilo la sufuria zao wenyewe lishike, nitalirudia.

Sasa ili muelewe kwanini mpishi tu ananifanya niandike hivi inabidi niwaeleze familia yetu. Sisi ni Wabondei wa Muheza. Kwa asiyeijua Bonde, kule ukoo mmoja unaukuta una Waislamu na Waanglikana ndani ya uzio mmoja. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa Magila, hapo hapo Muheza, tangu karne ya 19, na Uislamu nao ulikuwa unapanda kutoka pwani, Pangani na Tanga, kwahiyo nyumba moja kaka kaenda shule ya misheni kabatizwa, mdogo wake kaenda chuoni kwa mwalimu kasoma Kuruani, na jioni wanarudi kula sinia moja. Jina la ukoo halikuambii kitu. Mhina anaweza kuwa padri na Mhina mwingine imamu na babu yao mmoja. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Muislamu, swala tano, tasbihi yake ya mbao haikutoka mkononi, alizaa watoto saba, wanne walisoma misheni wakabatizwa akiwemo baba yangu, watatu wakabaki kwenye dini ya mama yao. Baba mdogo yeye ni Mkristo, kaoa binti wa Kidigo Muislamu, wakafunga ndoa bomani kwa mkuu wa wilaya kwa ile sheria ya ndoa ya 1971, na mpaka leo hakuna aliyebadili dini kati yao. Hiyo ndio familia. Ukitaka kututofautisha tuangalie siku ya kula, maana hapo ndipo panapouma.

Na paliwahi kuuma kweli. Mwaka 2019 kwenye kipaimara cha binamu yangu tulichukua watu wa kateringi kutoka mjini, siwataji, wazuri sana kwa muonekano, vitambaa vya meza, aproni, kila kitu. Hakuna aliyewauliza kitu na wao hawakuuliza kitu. Watu wameshapakuliwa, babu yetu mdogo wake bibi keshanawa mikono, kijana mmoja wa pale mtaani akasema kwa sauti tu bila ubaya "hizi sufuria si ndio zile za kule baa ya kitimoto". Zilikuwa za kukodi. Babu hakugombana na mtu. Aliweka sahani chini ya kiti taratibu, akasema ameshiba, akaomba maji akataja na kikombe, kile cha bibi cha bati. Nyuma yake wazee wote wa upande ule mmoja mmoja wakawa "wameshiba". Tukauliza na kuku walichinjwa na nani, jibu likawa "kijana tu". Bibi alibaki kwenye mkeka kashika sahani yake, hali, haiweki chini, maana akiiweka anamuaibisha mwanae aliyeandaa na akila anajua anachokula. Mi nilikuwa nimekaa naye karibu, ile picha ya bibi ameshika sahani haijanitoka. Chakula cha watu wengi kilirudi jikoni, na kwa miaka miwili mitatu baada ya pale shughuli zetu zikawa na vyakula viwili, wao wanapika kwao, sisi kwetu, watu wanasalimiana halafu wanagawanyika kama wageni. Hakuna aliyekosana na mwenzie. Lakini sinia moja likawa limekufa.

Basi bibi akafariki mwanzoni mwa Februari 2025. Alizikwa Kiislamu kama alivyoishi, wanae Wakristo wakabeba jeneza zamu kwa zamu na wenzao, hilo halikuwa na shida. Shida ikaja arobaini. Ukihesabu inaangukia katikati ya Machi, na baba mkubwa akashika Ijumaa tarehe 14 kwasababu watu wa Dar wangepata kusafiri na shehe alikuwa na nafasi. Ijumaa hiyo ilikuwa kumi la pili la Ramadhani. Na mwaka ule Kwaresima ilianza wiki hiyo hiyo na Ramadhani, Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, kwahiyo Ijumaa ile kina shangazi wa Magila nao wako kwenye mfungo, wa kwao ni Waanglikana wa ule upande unaoshika sana mambo, Ijumaa ya Kwaresima hawagusi nyama na wana Njia ya Msalaba jioni. Nusu ya familia haili mpaka magharibi, nusu nyingine haili nyama kabisa, na arobaini ya Kibondei bila nyama watu wanasema mmemzika mama yenu kama mgeni.

Mimi ndio nilipewa kazi ya kutafuta mpishi. Rafiki yangu wa Makorora akanipa namba ya Mama.

Nikapiga, nikajieleza, nataka chakula cha watu mia, Muheza, Ijumaa tarehe 14. Kimya kidogo, halafu ananiambia "mwanangu, hiyo si Ramadhani? Na nyie nasikia mna Wakristo, si Kwaresima hiyo?" Nikasema ndio mama, vyote viwili. Akasema subiri nichukue daftari. Nawaambia ukweli, nimeshapiga simu kwa wapishi wengi maishani, wanachouliza ni idadi ya watu na adivansi. Huyu adivansi alikuja kuitaja mwisho kabisa wa simu ya nusu saa. Akaanza kuuliza. Marehemu alikuwa upande gani. Nani anasoma dua na saa ngapi. Waliofunga ni wangapi na wasiofunga wangapi, katika wasiofunga nani mgonjwa wa sukari, nani mjamzito, nani ananyonyesha, watoto wangapi maana watoto wanakula saa saba mchana hawasubiri mtu. Wale wa Kwaresima wanaacha nyama tu au na samaki, maana wengine wanaacha na mafuta. Mbuzi yupo au hayupo, na kama yupo anachinjwa na nani. Maji ya kunawa yanatoka wapi. Na kuna mtu atakayeleta pombe?

Hapo kwenye pombe nilitaka kupita juu juu, akanisimamisha. Kule kwetu boha na mnazi vipo na baba mdogo na wenzake jioni lazima wapate. Mama akasema hamkatazi mtu mzima kunywa kwao, ila haiingii jikoni kwake na haiingii kwenye kikombe chake, wakitaka wanywe wakamalize kwa jirani baada ya dua. Nikampigia baba mdogo nikiogopa kidogo, akasema "mwambie huyo mama ana haki, hiyo ni arobaini ya mama yangu".

Halafu menyu. Mi nilikuwa nimeshapanga kichwani sehemu mbili, sufuria la nyama la Waislamu na sufuria la samaki la Wakristo, nikaona nimetatua. Mama akakataa. Akasema ukiweka sufuria mbili umeweka foleni mbili, na ukiweka foleni mbili watoto wataanza kuuliza. Pikeni chakula kimoja ambacho wote wanakula. Futari haihitaji nyama, samaki wa Tanga wapo, Ijumaa hiyo wote mle samaki. Na mbuzi? Mbuzi achinjwe Ijumaa hiyo hiyo alasiri, nyama igawanywe mbichi, kila kaya ya ukoo na majirani ipate fungu lake, Muislamu atapika daku usiku ule ule, Mkristo atapika Jumamosi mchana. Mbuzi ametoka, sadaka imetoka, na hakuna aliyevunja mfungo wake.

Jamani. Kikao cha familia tulikaa wiki mbili hatukupata hilo wazo, yeye kalitoa kwenye simu huku nasikia anapepeta kitu.

Baba mkubwa alisumbua kidogo, "arobaini na samaki?", lakini aliposikia mbuzi yupo na kila nyumba inapata akatulia. Tukakubaliana laki tisa na nusu kwa watu mia, mchele, nazi na kuni juu yetu, adivansi laki nne.

Walifika Alhamisi jioni na Noah imejaa sufuria. Zao. Kila sufuria ina alama ya rangi ya mafuta kwenye mkono, bluu, na Mama alinieleza kwamba hazikodishwi kwa mtu yeyote, hata kwa ndugu, kwasababu siku ikienda mahali usipopajua huwezi tena kumtazama mtu usoni ukamwambia kula. Wateja wakitaka kitimoto anawaambia vizuri tu kwamba hapiki, kuna wanaopika watafuteni. Mwenzake mkubwa kwenye kile kikundi ni Mkatoliki, mama wa Kingoni kutoka Songea aliyeolewa Tanga, wako pamoja miaka mingi, na yeye nyumbani kwake anakula anachotaka ila sufuria za bluu hazilali kwake. Wamekubaliana hivyo na hakuna karatasi.

Sasa kuchinja. Hapa nitakaa kidogo maana wengi mnajua hii nchi ilipofikia kwasababu ya kuchinja. Mazoea yetu miaka yote ni kwamba machinjioni anachinja Muislamu ili nyama ya bucha ile kila mtu, Mkristo hana tabu nayo. Mwishoni mwa 2012 kanda ya ziwa, Mwanza na Geita, baadhi ya Wakristo wakasema kwanini na sisi tusichinje, wakafungua mabucha yao, maneno yakawa makali, na Februari 2013 kule Buseresere mchungaji akauawa kwenye vurugu. Mchungaji, kwasababu ya nani ashike kisu. Na kabla ya hapo, Aprili 1993, Dar es Salaam watu walivamia mabucha ya nguruwe wakayabomoa. Nilikuwa mdogo sana 1993 lakini ya 2013 nilikuwa mtu mzima, nakumbuka baba alivyoisikiliza kwenye redio akaizima akaenda kukaa nje. Mimi msimamo wangu ni huu, Mkristo anayetaka kuchinja kuku wake nyumbani kwake achinje, hilo sio kosa na asitishwe na mtu. Lakini kwenye shughuli ya watu wote, kumpa Muislamu kisu hakunipunguzii chochote mimi, imani yangu haiko kwenye shingo ya mbuzi, wakati mwenzangu akikosa hilo hawezi kula kabisa. Anayeweza kula vyote ndiye ampishe asiyeweza. Nimewahi kuambiwa kwamba hapo Wakristo tunajishusha, mi sioni kushuka, naona bibi na ile sahani.

Mama hakuchinja mwenyewe na hakuacha tu "kijana" achinje. Alisema achinje mtu wa familia anayejulikana na wote, ili kesho asiwepo wa kuuliza. Akachinja babu, yule yule wa 2019. Kisu alikinoa mwenyewe kwenye jiwe la bibi la kunolea, nyuma ya jiko, kama dakika kumi, akijaribu makali kwenye kucha. Mbuzi akalazwa ubavu wa kushoto kichwa kibla, na aliyeshika miguu ya nyuma ni binamu yangu, yule wa kipaimara, sasa hivi ni kijana wa miaka 20 na kitu na ana msalaba shingoni, akauingiza ndani ya shati ili usining'inie kwenye damu. Babu akamwambia "shika hapa juu ya goti, usimwumize". Bismillahi Allahu Akbar, mara moja, basi. Wakachuna wote wawili. Mafungu yakapangwa kwenye majani ya mgomba, nilihesabu ishirini na sita, kila fungu lina kipande cha mfupa, kipande cha steki, na kidogo cha utumbo, Mama anapita anatoa huku anaongeza kule mpaka yalingane.

Jambo lililonishika zaidi ya yote lilikuwa chumvi.

Mama amefunga. Mwenzake wa Kingoni naye kafunga Kwaresima, Ijumaa hali kitu mpaka jioni. Vijana wao wawili wamefunga Ramadhani. Sufuria tano ziko motoni na hakuna wa kuonja. Mi nikasema nionje, Mama akaniangalia akasema wewe utaniambia iko sawa kwasababu unaniheshimu, nataka mtu atakayenigombeza. Akauliza nani hapa hafungi kwa ugonjwa. Shangazi yangu mkubwa, Mwanglikana, ana sukari, daktari alishamkataza kufunga, alikuwa amejikalia pembeni kwenye kigoda na anajisikia vibaya kidogo maana wote wana kazi yeye hana. Akaitwa. Kigoda kikasogezwa mpaka karibu na mafiga, akawa anapelekewa mchuzi kwenye kijiko cha mbao, anaumwagia kiganjani, anaramba, anafumba macho. Maharage ya nazi akasema bado. Wakaongeza. Bado. Wakaongeza. Samaki wa kupaka akasema ukwaju mwingi, marehemu mama alikuwa hapendi hivi, wakapunguza makali kwa tui zito. Mbele ya uji wa pilipili manga alikaa muda mrefu bila kusema. Halafu akasema "hii ndio ya mama", akajifuta na kanga. Kwahiyo chakula cha watu waliofunga dini mbili kilionjwa na mgonjwa mmoja wa sukari, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimuona shangazi ana kazi ya kumfanyia mama yake.

Khitma ikasomwa alasiri barazani. Kina shangazi wengine wakatoka kanisani kwenye Njia ya Msalaba wakafika kama saa kumi na moja na nusu, wakakuta dua inaendelea wakakaa upande wa wanawake na vitambaa kichwani, hakuna aliyeelekezwa. Padri wetu mstaafu naye alikuja, alikaa mkekani na wazee. Na magharibi inakaribia, unajua ile dakika kumi ya mwisho ya Ramadhani watu hawaongei, wanaangalia tende tu, sasa safari hii hata sisi ambao Kwaresima yetu haina adhana tukawa tumekaa tunasubiri, kikombe kiko mbele na hakiguswi. Mtoto mmoja alinyoosha mkono kwenye kaimati, bibi yake mmoja Mkristo akamshika, "subiri babu afungue". Saa kumi na mbili na nusu na ushee muadhini akaanza. Tende, maji, uji.

Chakula chenyewe sasa. Uji wa pilipili manga mzito sawasawa, haujawa gundi, una ile harufu ya iliki inayokuja baadae kooni. Magimbi na mihogo ya nazi vimeiva mpaka ndani na havijavurugika, hiyo ni kazi ngumu kwa sufuria la watu mia, wengi chini kunaungua juu kubichi. Ndizi mbichi za nazi, hizo sizungumzii, zilikwisha robo saa. Pilau bubu limechambuka punje kwa punje, limekolea viungo bila nyama na hukusikia mtu akiulizia nyama. Samaki alikuwa kolekole, kakaangwa kwanza halafu kapakwa tui la ukwaju na kurudishwa juu ya makaa, ngozi inalia ukiuma na ndani bado ina maji yake. Nimekula samaki hoteli za bei mbaya Dar na sijapata hiyo. Mboga ilikuwa mchicha wa nazi na kisamvu, kisamvu kilikuwa cha kawaida tu.

Na walipakua kwenye masinia. Hilo Mama aliuliza kwenye simu pia, sahani au sinia, nikasema sahani maana niliogopa, akasema niachie mimi nione watu wakifika. Alivyoona watu wamekaa wenyewe wamechanganyika akatoa masinia. Babu alikaa sinia moja na padri mstaafu na baba yangu na baba mkubwa. Babu ndiye aliyemegea padri samaki, akamtolea na mwiba. Mi nilikuwa nahudumia maji, nilipita pale mara tatu bila sababu.

Mapungufu yapo na nayasema kwasababu mpishi mzuri nae aambiwe. Kaimati zilikaangwa mapema mno, zimefika zimepoa na shira imeganda. Hela ya Noah kutoka Tanga hadi Muheza, elfu themanini kwenda na kurudi, haikutajwa kwenye makubaliano ya kwanza, tuliambiwa Alhamisi wakiwa wameshafika, tukalipa lakini ingetajwa mapema. Risiti hakuna, wanaandika kwenye daftari unasaini, kama unatumia hela ya kikundi jiandae. Vikombe havikutosha, tulikopa kwa jirani, na Mama alivikagua kimoja kimoja akauliza vimetumika kwa nini kabla ya kuvipokea, kuna jirani mmoja alinuna kidogo. Mi nadhani kununa kwa jirani ni bei ndogo lakini mwingine inaweza kumkera. Na wana msimamo, usije na mbwembwe za kubadilisha menyu siku mbili kabla, watakurudishia adivansi yako.

Kuna watu wataniambia mpishi kuuliza dini za watu ni kuleta ubaguzi, tena nimeshaambiwa na shemeji yangu. Nimelifikiria hili sana. Serikali yetu haiulizi dini kwenye sensa, mara ya mwisho kuuliza ilikuwa 1967, na mi nakubaliana nayo kabisa, maana ikishajua namba tutaanza kupimana nani mwingi nani mchache na hapo hatutalala. Lakini serikali haijui chakula changu. Mpishi anaweka kitu mdomoni mwa mtu. Wale wa 2019 hawakuwabagua wazee wetu, waliwaona wote ni watu mia mbili wa kulisha, na ndio maana wazee wetu walilala njaa kwenye shughuli ya mjukuu wao. Mama aliuliza maswali kwa nusu saa na matokeo yake watu walikaa sinia moja. Nikichagua nachagua kuulizwa.

Kwa wanaotaka kuwachukua, wapigieni mwezi mmoja kabla, Ramadhani miezi miwili. Wanatoka mpaka Muheza, Pangani na Korogwe, Lushoto wanasema barabara inawachosha ila wameshawahi kwenda. Mkiwapigia muwe na idadi za kweli za waliofunga, wagonjwa na watoto, msiseme "kama mia hivi", atawakatia simu mkajipange. Kuni muwape kavu.

Sisi tumeshawachukua tena, Desemba binamu yangu yule aliyeshika mbuzi anaoa, bibi harusi ni wa Same. Adivansi nimetuma jana jioni, Mama akapiga hapo hapo kabla hata meseji ya hela haijakaa, swali la kwanza ni kama upande wa bibi harusi kuna Wasabato. Nikamwambia wapo, mama yake mzazi. Akasema basi pweza na kamba ninavitoa kwenye menyu, na kama harusi ni Jumamosi niambie mapema nipike Ijumaa kabla jua halijazama, subiri nichukue daftari.